Mchana Simu Zilipotetemeka Pamoja Oncheoncheon

Simu zinazouzwa Korea Kusini zina mlio mmoja usiozimika, wa kamera. Unaweza kuiweka simu kimya usiku na mchana, lakini ukipiga picha italia tu, chak, na aliye karibu atasikia. Sekta yao ya mawasiliano iliweka kiwango hicho mwaka 2004, kuwazuia watu wanaowapiga wenzao picha za siri kwenye treni na ngazi za vituo. Nikikumbuka Jumamosi ile ya mwisho wa Machi 2023, milio hiyo ndiyo inayotangulia kunijia. Chak, chak, chak, kingo zote mbili za kijito, watu wamejaa wanapiga picha micheri iliyochanua.

Kijito chenyewe kinaitwa Oncheoncheon. Kinapita kaskazini mwa jiji la Busan, na kwa sehemu kubwa kinaandamana na njia ya kwanza ya treni za jiji, ile iliyofunguliwa 1985, ambayo huku inapita juu kwenye nguzo za zege. Chini ya reli kuna kivuli cha kudumu, na kwenye kivuli hicho wazee wa mitaa ya jirani wamejifanyia baraza lao. Wanacheza janggi, mchezo wa jamii ya sataranji, wananyoosha viungo kwenye vyuma vya mazoezi, wanasikiliza nyimbo za zamani kutoka kwenye simu zilizotundikwa shingoni. Mimi nilikuwa nasoma shahada ya uzamili chuo kilicho vituo vichache kutoka hapo, na baraza lile nililipenda kuliko mahali pengine popote mjini. Lilinikumbusha wazee wa Ngamiani, Tanga, na bao lao baada ya sala ya alasiri.

Siku hiyo nilikuwa na dada mmoja wa maabara yetu. Alinizidi miaka minne, kwa hiyo nilimwita eonni, dada, kama Wakorea wanavyofanya, na kwa malezi yangu ya Pwani sikuona ugeni wowote katika hilo. Alikuwa amenipeleka kuona maua, lakini nusu ya matembezi alikuwa anaongea kwenye simu na bibi yake anayeishi Miryang, mji ulio kaskazini mwa Busan. Bibi huyo alikuwa akimpigia mara kadhaa kwa siku, na siku za karibuni alikuwa akiuliza jambo lile lile kila anapopiga: umekula? Eonni alimjibu kila mara kwa sauti ile ile ya upole, mkono umeziba mdomo asiwasumbue wapita njia. Halafu akikata anatembea hatua kadhaa bila kusema kitu.

Nilikuwa nimeshasikia sana, kwa wageni wenzangu na kwa Wakorea wenyewe, kwamba nchi ile imezama kwenye simu. Na kweli, ingia kwenye treni ya asubuhi, behewa zima limeinamisha shingo. Mtu anaacha simu yake mezani mkahawani kushika nafasi, anakwenda foleni kuagiza kahawa, akirudi anaikuta pale pale. Kila kitu kinapita kwenye namba ya simu. Ukitaka kununua tiketi ya tamasha, kufungua akaunti, hata kuagiza kuku wa kukaanga, mfumo unataka namba iliyosajiliwa kwa jina lako, na jina liandikwe herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye kitambulisho cha ukaazi. Sisi wenye majina matatu marefu tulikataliwa na tovuti nyingi kwa sababu nafasi ya jina imekwisha kabla ya jina lenyewe. Nyumbani nako tulisajili laini kwa alama za vidole hadi foleni zikafika barabarani, kwa hiyo kuulizwa mimi ni nani hakukunishangaza. Kilichonichosha ni kuulizwa kila saa.

Ujumbe wa tahadhari wa serikali ndio pekee usiouliza. Mnara wa simu unautuma kwa kila simu iliyo eneo lake, ya mwenyeji na ya mgeni, na wanaoutuma hawahitaji kujua namba yako. Wakati wa Uviko ulikuwa ukija mfululizo, wagonjwa wangapi wilaya hii, wangapi wilaya ile, na watu wengi walichoka wakauzima. Eonni alikuwa mmoja wao. Mimi niliuacha, kwa sababu ndiyo ilikuwa darasa langu la Kikorea. Sentensi zake ni fupi na zinafuata mtindo mmoja, ukizisoma mwaka mzima huhitaji tena programu ya kutafsiri.

Tulikuwa tumekaribia stesheni ya Dongnae simu yangu ilipotetemeka. Wakati huo huo ikatetemeka ya msichana aliyekuwa mbele yetu, na ya mama mwenye kofia ya jua, na za wacheza janggi mezani. Milio ya kamera ikakatika. Nikasoma: polisi wanamtafuta mzee wa miaka 81, mwanamume, anayetangatanga. Sentimita 163, kilo 55, koti la kijani kibichi, suruali nyeusi, ndala za kahawia. Chini yake kiungo cha kufungua picha, na namba ya polisi ya kupiga ukimwona, 182.

Utaratibu huo wa kutangaza waliopotea ulianza Juni 2021, kwa watoto, wenye ulemavu wa akili na wazee wenye ugonjwa wa kusahau. Busan mwaka huo huo uliingia katika hali ambayo hakuna jiji kubwa jingine la Korea lililokuwa limeifikia: katika kila wakazi watano, mmoja alikuwa na miaka 65 au zaidi. Ujumbe wa namna hiyo nilishapokea mwingi. Wengi nilikuwa nausoma nikiwa chumbani au kwenye basi, nasema moyoni Mungu amsaidie, basi. Sikuwahi kuwa nje, katikati ya watu, unapoingia.

Watu walifungua ile picha, kisha wakainua vichwa. Wasichana wawili wa sekondari waliokuwa wakijipiga selfi wakageuka, mmoja anatazama juu ya kijito, mwenzake chini, bila kuagizana. Yule mama mwenye kofia akawaita wenzake, wakaanza kupita kwenye mabenchi, wanamtazama kila mzee usoni na kumwinamia kwa heshima kabla ya kuendelea. Kijana wa kupeleka chakula akasimamisha pikipiki kule juu barabarani akachungulia chini. Hakuna aliyejitangaza kuwa kiongozi. Nimesimama pale nikaona kwamba hawa watu wanaosemwa kuwa hawaonani wanatazamana vizuri sana, wakipewa wa kumtazama.

Eonni alisoma kwenye simu yangu. Hakuuliza maswali. Akaenda moja kwa moja chini ya reli, kwenye kivuli.

Tulimwona nyuma ya meza ya tatu ya janggi, amesimama kama watazamaji wengine, mikono mgongoni. Koti lilikuwa la kijani lakini amelivua, amelikunja vizuri kwenye mkono, ndiyo maana waliokuwa wamekaa mbele yake hawakulitambua. Kilichomtambulisha ni miguu. Zile ndala zilikuwa za ndani ya nyumba. Korea hakuna anayevuka kizingiti na viatu alivyovaa ndani, mtoto wa miaka mitatu anajua hilo, na mzee huyu alikuwa amezivaa juu ya soksi nyeupe zilizolowa tope la kingoni.

Eonni akajitenga kupiga 182. Mimi nikamwinamia mzee, nikamsalimu, nikamwambia, "Babu, hapa pana benchi. Tukae kidogo."

Alinitazama bila wasiwasi. "Wewe mwanafunzi?"

"Ndiyo, babu."

"Mwanafunzi wa wapi?"

"Tanzania. Afrika."

"Mbali," akasema, akakaa.

Alizungumza Kikorea cha huko kusini, kizito na cha haraka, nami nilishika labda nusu yake. Alisema anangoja gari la kiwandani, zamu yake inaanza saa nane. Kisha akainama akashika kiatu changu. Raba za kawaida tu, nilizinunua kwenye soko la chini ya ardhi la stesheni. Akapitisha kidole gumba ukingoni, pale soli inapokutana na kitambaa, taratibu, akizunguka hadi kisigino. Akasema gundi hii imewekwa kabla haijapata moto wa kutosha, itaachia hapa, akabonyeza. Miaka ya 1970 na 1980 Busan ulikuwa mji wa viatu. Makumi ya maelfu ya watu, wanawake wengi, walishona na kugandisha raba zilizovaliwa Marekani na Ulaya, kabla viwanda havijahamia kwenye mishahara midogo zaidi. Mwaka aliokuwamo kichwani sikuujua, lakini kazi yake aliijua bado. Nikamuuliza gundi inatakiwa moto kiasi gani, naye akanieleza kirefu, kwa vidole, kama fundi anavyomweleza mwanafunzi wake siku ya kwanza.

Wale wasichana wa sekondari walikuja na chupa ya maziwa ya ndizi, wakampa kwa mikono miwili. Alikunywa yote. Walisimama pembeni, kila mmoja simu imefungwa mkononi. Hakuna aliyempiga picha. Ningeisikia.

Polisi wawili walifika baada ya muda mfupi, na nyuma yao binti yake, mama wa makamo, ametoka kwenye teksi na aproni ya kazini hajaivua. Kumbe alikuwa amekwenda zamu ya asubuhi akimwacha babake na televisheni, na simu ya mzee ameiona ikichajiwa jikoni aliporudi. Mtu mmoja tu kwenye kijito kile hakuwa na simu, na ndiye aliyetafutwa. Binti alimkaripia kidogo, "Baba, jamani," huku anamvalisha koti, anafunga zipu mpaka kidevuni. Kwenye ukosi kwa ndani niliona kibandiko cha kitambaa chenye namba. Vituo vya afya vya serikali huwapa familia vibandiko hivyo vya kupigwa pasi kwenye nguo, mtu akiokotwa namba ile iseme yeye ni nani. Binti alituinamia mara nyingi mno, sisi, wasichana, wacheza janggi, hadi mzee mmoja wa mezani akamwambia, "Inatosha, mwanangu. Kesho iko kwetu."

Walipoondoka, mzee aligeuka akanielekeza kidole chini, kwenye kiatu. Nikaitikia kwa kichwa.

Haikupita saa moja simu zikatetemeka tena. Kwa msaada wa wananchi, polisi wamempata salama mzee aliyekuwa akitafutwa, asanteni. Tulikuwa tumeshavuka mawe ya kivuko kwenda upande wa pili. Kutoka kule nilisikia akina mama wakisema "afadhali, afadhali" kwa lugha yao, na kamera zikaanza tena kulia.

Simu ya eonni haikutetemeka. Aliitoa, akaingia kwenye mipangilio, akawasha tahadhari zote. Kisha akampigia bibi yake. Safari hii yeye ndiye aliyeuliza kama amekula.

Jumatatu alifika maabara mchana, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Alikuwa ametoka Miryang. Alimpeleka bibi kwa daktari, safari aliyokuwa akiiahirisha tangu mwaka uliopita, na kutoka kwa daktari wakapitia kituo cha polisi. Korea polisi huandikisha mapema alama za vidole na picha za wazee wenye ugonjwa wa kusahau, ili wakikutwa njiani hawajui kwao, kidole kiwarudishe. Bibi, aliniambia, aliuliza maswali mawili kituoni. Kwanza kama wino unatoka. Alipooneshwa kioo cha mashine akauliza kama yule askari kijana ameshakula.