Mungu mwenye pembe za ayala na jiwe la mabaharia wa Paris

Mwaka 1711, mafundi waliokuwa wakichimba chini ya kanisa kuu la Notre-Dame jijini Paris ili kuandaa mahali pa kuzikia maaskofu wakuu, walikutana na mawe ya kale yaliyochongwa sura za miungu, ambayo vizazi vya nyuma vilikuwa vimeyatumia tena kama mawe ya kawaida ya ujenzi. Katika mojawapo ya mawe hayo yupo mzee mwenye ndevu, masikio ya mnyama na pembe zenye matawi, na katika kila pembe imetundikwa pete nene ya shingoni, ya aina waliyokuwa wakiivaa watu wenye hadhi miongoni mwa Wakelti, watu wa kale wa Ulaya magharibi na kati. Juu ya kichwa chake limeandikwa jina lake: Cernunnos. Siku hizi herufi ya kwanza imekwisha kuharibika, na tunaijua kutokana na michoro iliyofanywa wakati jiwe lilipokuwa bado limegunduliwa karibuni. Sehemu ya chini ya jiwe haipo kabisa, hivyo miguu ya mungu huyo haionekani, ingawa nafasi iliyobaki ni ndogo kiasi kwamba wataalamu wengi wanaamini alichongwa akiwa ameketi na kukunja miguu.

Kwa miaka mingi nilimfahamu Cernunnos kwa namna anavyofahamika na watu wengi: mungu wa misitu, bwana wa wanyama pori, roho ya maumbile ambayo Ukristo uliifukuza na kuigeuza kuwa Shetani. Niliisimulia habari hiyo kwa kujiamini, na niliwahi hata kubishana kwa ajili yake. Nilipoanza kufuatilia ushahidi wenyewe, jiwe kwa jiwe, nikaona kwamba nilikuwa nimebeba mzigo ambao sehemu yake kubwa ilifungwa katika karne ya 20, na kwamba mungu niliyekuwa nikimtafuta msituni alikuwa amesimamishwa mjini, kwenye kisiwa cha mto, na watu wa biashara.

Jiwe lenyewe linasema hivyo. Ni sehemu ya nguzo iliyotolewa kwa Jupiter, mungu mkuu wa Warumi, na chama cha mabaharia wa kabila la Parisii, wakati wa utawala wa Kaisari Tiberio, yaani kati ya mwaka 14 na 37 Baada ya Kristo. Ndiye Tiberio yule yule anayetajwa katika Injili ya Luka. Wenye vyombo hao walisafirisha mizigo katika mto Seine, na walikuwa na fedha za kutosha kulipia nguzo ya mawe ambayo ndani yake miungu ya Kirumi, kama Vulcan, Castor na Pollux, inakaa ubavuni mwa miungu ya Kigalia, yaani ya Wakelti wa Galia, Ufaransa ya kale, kama Esus na Smertrios. Hakuna aliyewalazimisha kumweka mwenye pembe mle. Walimweka kwa sababu alikuwa na maana kwao, na wao maisha yao yalikuwa mto, gati, mizigo na faida. Leo nguzo hiyo imo katika jumba la makumbusho la Cluny, Paris.

Hapa Kiswahili kinatubana kidogo. Tunalo neno moja tu, pembe, kwa kitu kilicho kichwani mwa ng'ombe na kile kilicho kichwani mwa ayala, mnyama ambaye wengi wetu tunamjua kwa jina tu kutokana na Zaburi. Lakini vitu hivyo viwili havifanani. Pembe ya ng'ombe hubaki kichwani maisha yote, ilhali pembe ya ayala dume ni mfupa mtupu unaoanguka kila mwaka. Ayala mwekundu wa Ulaya huzipoteza pembe zake baridi inapokaribia kwisha au majani yanapoanza kuchipua. Pembe mpya huanza kuota papo hapo, zikiwa zimevikwa ngozi laini yenye vinyweleo, na hukua kwa kasi ambayo mifupa michache sana duniani inaifikia. Kiangazi kinapoelekea ukingoni ngozi hiyo hukauka, dume huisugua kwenye mashina ya miti mpaka ibanduke vipandevipande, na majani yanapoanza kupukutika huwa yuko tayari kupigania majike. Mtu aliyeishi karibu na mnyama huyo hakuhitaji mwalimu wa kumwambia kwamba kuna mali inayopotea na kurudi. Huenda ninasoma zaidi ya kilichoandikwa, lakini kila ninapozitazama pete zile mbili zilizotundikwa kwenye pembe za jiwe la Paris, nawaza kwamba mchongaji alijua fika kuwa kitu kilichotundikwa pale hakikai zaidi ya msimu mmoja.

Jina pia linatoka kwenye pembe. Wataalamu wa lugha hulihusisha na neno la Kigalia karnon, lenye maana hiyo hiyo na lenye undugu na neno la Kilatini cornu, na tarumbeta ya vita ya Wagalia iliyoitwa carnyx nayo imetoka humo. Kwa hiyo mungu wetu aliitwa, kwa kifupi, Mwenye Pembe, jambo ambalo linafanana na sifa zaidi kuliko jina. Kusini mwa Ufaransa, huko Montagnac, kuna maandishi ya Kigalia kwa herufi za Kigiriki yanayotaja jina linalokaribiana nalo, na Luxembourg ilitoa vibati vilivyoandikwa jina jingine la namna hiyo. Zaidi ya hapo, jina halionekani sana. Michoro na sanamu nyingine zote za mungu mwenye pembe za ayala, ambazo ni nyingi hasa upande wa kaskazini na mashariki wa Galia, hazina jina. Sisi ndio tumezibandika jina la jiwe la Paris.

Picha mashuhuri kuliko zote ina kichekesho chake. Tarehe 28 Mei 1891, watu waliokuwa wakikata mboji ya kuwashia moto katika kinamasi kimoja karibu na kijiji cha Gundestrup, kaskazini mwa Denmark, walikuta sufuria kubwa ya fedha iliyofumuliwa vipande. Ina upana wa sentimita 69 na uzito unaokaribia kilo 9. Kwenye bamba mojawapo la ndani ameketi mtu asiye na ndevu, amekunja miguu, amevaa vazi lenye mistari lililombana mwili, na kichwani ana pembe zinazofanana kabisa na za ayala aliyesimama kando yake, utadhani mchongaji alitaka tuzihesabu ncha moja moja. Mkono wa kulia ameinua pete ya shingoni, ingawa tayari amevaa nyingine. Mkono wa kushoto amemkaba nyoka mwenye pembe za kondoo dume. Wanyama wengine wamemzunguka, na pembeni kabisa mtu mdogo amepanda mgongoni mwa samaki. Ndiyo picha iliyozaa jina la bwana wa wanyama, na ukiitazama ni vigumu kukataa.

Hata hivyo, ufundi wa fedha ile ni wa watu wa Thrakia, kusini-mashariki mwa Ulaya, katika nchi ambazo leo ni Bulgaria na Romania, na mahali ilipopatikana si nchi ya Wakelti. Picha inayotumika kila siku kumwonyesha mungu wa Wakelti ilifuliwa, kwa kadiri wataalamu wengi wanavyoona, na mafundi wasio Wakelti, ikazamishwa katika kinamasi cha watu wasio Wakelti. Simaanishi kwamba aliyechongwa si yeye: pete zinamtambulisha, pembe zinamtambulisha, na miguu iliyokunjwa pia. Ninachosema ni kwamba hatuwezi kuitumia sufuria hiyo kama shahidi mkuu wa imani ya watu waliokuwa wakiabudu kando ya mito ya Galia kama Seine au Loire.

Shahidi ninayempenda mimi ni jiwe la mji wa Reims, Ufaransa. Mungu ameketi katikati, miguu imekunjwa, Apollo yuko upande mmoja na Mercury upande mwingine, miungu ya Kirumi, wote wawili wamesimama kama wasaidizi wake. Mapajani ana mfuko mkubwa, na kutoka humo anamimina mfululizo wa punje, au sarafu, unaoporomoka hadi chini, walipo fahali na ayala. Punje au sarafu? Mabishano hayo ni ya zamani, na sidhani yana umuhimu sana, kwa sababu kwa mkulima na kwa mfanyabiashara ni neema ile ile. Juu kabisa, katika pembetatu ya paa, kuna panya. Sijasoma maelezo ya panya huyo yaliyoniridhisha, ila ghala lenye nafaka bila panya lingekuwa ajabu. Katika mchongo mdogo uliopatikana Cirencester, Uingereza, mungu wa namna hiyo yuko pamoja na nyoka wawili wenye pembe za kondoo na mifuko iliyojaa. Mifuko, punje, pete za thamani: mungu huyu hakuwa maskini, na hakuwa mkimya wa msituni asiyejua bei ya kitu sokoni.

Kuhusu hadithi zake, hatuna hata moja. Julius Caesar aliandika kwamba madruidi, makuhani wa Wagalia, waliona ni haramu kuyaweka mafundisho yao matakatifu katika maandishi, ingawa kwa shughuli nyingine walitumia herufi za Kigiriki. Walipotoweka, walitoweka nayo. Hatujui Cernunnos alizaliwa na nani, alimwoa nani, alipigana na nani.

Nafasi hiyo tupu ndiyo iliyojazwa katika karne ya 20. Margaret Murray, mtaalamu wa Misri ya kale aliyefundisha London, alichapisha mwaka 1921 hoja kwamba watu waliohukumiwa kwa uchawi barani Ulaya walikuwa waumini wa dini ya kale iliyofichika, na kwamba Shetani wa hati za mahakama alikuwa mungu wao mwenye pembe. Mwaka 1931 akaisogeza hoja mbele zaidi, akimuunganisha Cernunnos na mchoro wa pangoni huko Ariège, kusini mwa Ufaransa, uliotangulia jiwe la Paris kwa maelfu mengi ya miaka. Wanahistoria waliorudi kwenye hati hizo wameikataa nadharia hiyo, na sababu yao ni nzito: Murray alinukuu sehemu za ushuhuda zilizomfaa na kuruka zile zenye mambo yasiyowezekana, wakati ushuhuda wenyewe ulitokana na maswali ya mahakimu na mara nyingi na mateso. Pembe za Shetani katika picha za kanisa nazo ni za mbuzi, na zinamkumbusha mtu Pan, mungu wa Wagiriki mwenye pembe na miguu ya mbuzi, kuliko ayala wa Galia. Kwetu sisi tunaosoma Kiswahili, pembe peke yake haipaswi kututisha hivyo, kwa maana Luka yule yule anatuambia habari za pembe ya wokovu.

Mwingereza Gerald Gardner aliichukua hoja ya Murray kwa mikono miwili. Sheria ya uchawi ya mwaka 1735 ilifutwa Uingereza mwaka 1951, naye mwaka 1954 akachapisha kitabu chake, kikiwa na dibaji ya Murray mwenyewe, akieleza dini ambayo leo inaitwa Wicca. Humo mna mungu wa kike na mungu mwenye pembe, na wafuasi wengi humwona huyo wa pili kama anayezaliwa, kukomaa na kufa kwa kufuata mzunguko wa mwaka, mithili ya pembe zinazoota na kuanguka. Wengine humwita Cernunnos, wengine Pan, wengine Herne, mwindaji wa msitu wa Windsor ambaye maandishi ya kwanza kumtaja ni mchezo wa Shakespeare. Jaribio la kuunganisha jina la Herne na la Cernunnos kwa kuwa yanasikika kwa kukaribiana halina mashiko ya kiisimu.

Hata baada ya kusema yote hayo, sina dharau kwa wanaomwomba leo. Dini ikiwa na miaka 70 bado ni dini, na mtu anayesimama chini ya miti usiku na kumwita mungu mwenye pembe kwa moyo wake hahitaji kibali cha wanaakiolojia. Tatizo langu ni pale anaponiambia kwamba anafanya kile kile walichofanya Wagalia. Wapagani wengi wa leo, nikiri, hawasemi tena hivyo. Baadhi yao wanazijua tarehe hizi kuliko mimi.

Kuna kibao kimoja cha nta nakikumbuka kila habari hii inapozushwa. Kilipatikana katika machimbo ya dhahabu ya Alburnus Maior, katika jimbo la Kirumi la Dakia, Romania ya leo, na kina tarehe ya mwezi Februari mwaka 167. Ni tangazo la chama cha kufa na kuzikana kilichokuwa chini ya ulinzi wa Jupiter Cernenus. Huenda jina hilo linatokana na la mungu wetu, huenda linatokana na jina la mahali, wataalamu hawajakubaliana. Viongozi wanatangaza kwamba wanachama walikuwa 54 na sasa wamebaki 17, kwamba kiongozi mwenza hajahudhuria mkutano hata mmoja tangu achaguliwe, na kwamba sanduku halina fedha za mazishi. Kwa hiyo, wanasema, mtu akifariki baada ya hapo, asidhani kwamba ana chama, wala asitarajie kwamba watamzika.