Soma cheti kabla hujapiga Windows

Ukimwambia fundi kompyuta inagoma kufungua tovuti na inaleta onyo, jibu lake unalijua kabla hajalitamka: "Dada, hapo ni kupiga Windows tu." Yaani kuifuta na kuiweka upya; elfu ishirini hivi, na mafaili yako Mungu ndiye ajuaye. Mwingine akanishauri nibonyeze pale pa kuendelea, eti onyo lile ni usumbufu. Huyo ndiye aliyenikera zaidi, maana kompyuta hiyohiyo ndiyo tunayoingilia benki kuangalia akaunti ya kikundi.

Kila tovuti ilikuwa inaleta "Muunganisho wako si wa faragha". Tarehe na saa zilikuwa sawa; betri ndogo ya ndani ikifa, kompyuta hurudi miaka ya nyuma na vyeti vyote, yaani vitambulisho ambavyo tovuti huonyesha kuthibitisha kuwa ni zenyewe, huonekana vibovu. Nikawasha hotspoti ya simu, nikaiunganisha kompyuta na bando langu badala ya waifai ya ofisini. Onyo palepale. Basi waifai haina kosa, ugonjwa umo ndani ya kompyuta.

Na hapa ndipo ninapojivunia. Nilifungua tovuti ya kikundi chetu kwenye simu na kwenye kompyuta, nikaviweka sambamba, nikabonyeza alama iliyo kando ya anwani hadi cheti kikafunguka. Kwenye simu, mtoaji: Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti vya tovuti, ndiye tunayemtumia tangu mwanzo. Kwenye kompyuta, tovuti ileile, mtoaji: jina la antivairasi! Nikajaribu ya benki, jina lilelile. Antivairasi ilikuwa imekaa katikati, inafungua kila kinachopita na kukifunga upya kwa cheti chake. Muda wake wa majaribio ulishakwisha, mtu akaifuta nusunusu, na Windows ikawa haikitambui tena cheti hicho.

Zile namba ndefu za cheti zisikutishe zikitofautiana; tovuti kubwa huwa na vyeti zaidi ya kimoja. Tazama mtoaji.

Kukaa katikati namna hiyo si jambo dogo. Mwaka 2015 baadhi ya kompyuta za Lenovo ziligunduliwa zimeuzwa zikiwa na Superfish, programu ya matangazo iliyofanya vivyo hivyo, tena kwa ufunguo mmoja wa siri wa kutengenezea vyeti kwenye kompyuta zote. Aliyeupata ufunguo huo angeweza kujifanya benki yoyote mbele yako.

Nikapakua programu ya kuifutia antivairasi ile kutoka kwa watengenezaji wake wenyewe, ikatoka yote, nikawasha kompyuta upya. Benki ikafunguka bila onyo, na jina la antivairasi halimo tena kwenye cheti. Sasa tunatumia kinga iliyokuja na Windows. Gharama yote ilikuwa bando, na hakuna faili hata moja lililopotea.