Vile tulipima moshi Korogocho na kadude ka bei ndogo na daftari la shule

Watu huniuliza tulitoa wapi pesa ya kupima hewa Koch, yaani Korogocho, mtaa wetu wa mabanda hapa Nairobi. Pesa haikua shida sana, shida ilikua kujua huu moshi ni wa nani na unakuja saa ngapi. Ukikaa Korogocho kila kitu unalaumu dampo la taka, na si bure, hilo dampo la Dandora liko hapo tu ng'ambo ya mto Nairobi, ilisemekana limejaa tangu 2001 na malori yaliendelea kumwaga tu, na kuna ule utafiti wa UNEP, shirika la mazingira la UN, wa 2007 walipima damu ya watoto 328 wa karibu na dampo, nusu yao wakapatikana na madini ya risasi kupita kiwango. So ukitaja moshi kila mtu ananyoosha kidole huko na mazungumzo yanaishia hapo.

Kifaa tulijiundia wenyewe kwa maelekezo ya Sensor.Community, mradi wa watu wa kawaida kujipimia hewa, maelekezo ni ya bure, ulianzia Stuttgart Ujerumani 2015. Unanunua SDS011, ndio sensa ya vumbi, ina kafeni ka kuvuta hewa na leza ndani, vumbi likipita mbele ya leza mwanga unatawanyika na yenyewe inapiga hesabu ya PM2.5, yaani zile chembe ndogo kabisa zinazopita pua zikashuka hadi ndani ya mapafu. Unaongeza kabodi ka NodeMCU ka kutuma data kwa WiFi na DHT22, sensa ya joto na unyevu. Nyumba yake ni vipande viwili vya bomba la plastiki vya kona, zile za maji machafu, mdomo unaangalia chini mvua isiingie. Inapima kila dakika mbili na nusu hivi halafu leza inalala, na usicheze na hiyo setingi, leza imeandikiwa masaa kama 8000, ukiiacha iwake tu mchana na usiku mwaka hauishi imekufa. Tuliunda mbili, tukazilaza dirisha moja usiku kucha kwanza tuone kama zinasema kitu kimoja, ndio tukapandisha moja kwa paa ya ploti yetu, yaani nyumba za kupanga zenye uwanja mmoja, na nyingine tukaweka kwa duka upande wa mto. Stima ikipotea inashikwa na powerbank, bando tulichanga.

Sasa hapa ndio pa maana. Kifaa kinakuambia moshi ni mwingi, hakikuambii ni moshi wa nini. Kwa hivyo tulinunua daftari, na mama wa duka, soja wa usiku na msichana mmoja wa form three wakawa wanaandika wakiona kitu: saa, nini inachomwa, upepo unatoka wapi. Soja ndio alikua mkali kuliko wote, hakuna kitu kilimpita. Wikendi tunakaa chini tunaweka daftari kando ya grafu.

Dampo lilionekana kweli, upepo ukitoka mashariki usiku namba zinapanda na harufu unaijua. Lakini ile milima mikubwa kwa grafu, kila siku bila kukosa, ilikua jioni wakati majiko yote ya makaa yanawashwa pamoja, na watu bado wanawasha na juala, zile karatasi za plastiki, eti zilipigwa marufuku 2017, na kando ya mto vijana wa skrepu wanachoma waya watoe kopa, yaani shaba, wauze. Alfajiri tena namba zinapanda kwa sababu baridi imekalia moshi, hauendi juu. Lakini alfajiri tulikua tunaisoma kwa makini, unyevu ukipita asilimia 70 hii SDS011 inaweza kuhesabu ukungu kama vumbi, so siku za Julai tulikua tunaziwekea alama tunaziacha. Pia kuna wasee huchukua namba ya saa moja jioni wanailinganisha na ile 15, kiwango cha PM2.5 cha WHO, shirika la afya duniani, cha 2021, wanaanza kupiga kelele, hiyo 15 ni maikrogramu kwa mita ya ujazo, wastani wa masaa 24, linganisha wastani na wastani bana.

Kuna ofisi nilipeleka makaratasi, nikaambiwa vifaa vyetu si vya kiwango cha kutumika kama ushahidi. Wana pointi, hata sisi hatukua tunaenda kortini. Tukarudi kwa ploti.

Mama wa chapati ndio alinijibu vizuri, "Kijana wangu, hiyo kitu yako ndio itanipikia?" Hatukumwambia aache jiko. Tulikubaliana na ploti nzima jiko linawashiwa nje uwanjani, na vijiti vikavu au karatasi ya gazeti, hakuna juala, likishika ndio linaingizwa, lakini hata hapo dirisha liwe wazi, kwa sababu makaa hata bila moshi yana ile hewa ya sumu inaua. Hiyo ilishika haraka kuliko nilivyotarajia, juu watoto walikua wanakohoa na kila mama anajua ni saa ngapi.

Vijana wa waya, hao huwezi kuwaendea na mambo ya afya, hiyo ndio kazi yao. Tuliongea pesa. Kopa iliyochunwa safi kwa kisu mnunuzi anaichukua bei ya juu kuliko iliyoungua ikawa nyeusi, wakajaribu wenyewe wakaona, na waya nene sasa wanachuna. Kwa grafu ule mlima wa kando ya mto umepungua ila haujaisha, juu nyembamba, zile za chaja na earphone, kuchuna kwa mkono ni kupoteza siku, so hizo bado zinachomwa. Kama kuna fundi anajua kamashine ka kuchuna waya nyembamba, ka kuzungusha na mkono si ka stima, iwe Gikomba au Kamukunji jua kali, niambie bei, tayari wameanza kuchanga.