Nguzo ya Taa ya Dola 470,000

Jioni moja ya mwezi wa Julai, nikiwa likizoni nyumbani Unguja, nilikaa barazani chini ya ghorofa letu la Michenzani, mahali ambapo nimekuwa nikinywa kahawa tangu enzi za kutumwa kashata, na simu yangu ikawa inazunguka mkono kwa mkono kwa sababu wazee walitaka kuona "huko kwenu Kanada". Waliitazama theluji, wakanipa pole, waliitazama teksi yangu, wakaisifu, kisha ami yangu akagota kwenye picha moja, akaikuza kwa vidole viwili, akaisogeza mbali na macho na kuuliza: "Na hili lipete ni la nani?"

Nilimwambia kwamba halikuwa pete, bali ni sanaa. Ni duara la chuma lenye rangi ya buluu, urefu wake mita 17, lililosimamishwa mwaka 2013 kwenye barabara ya 96 Avenue, upande wa kaskazini-mashariki wa mji wa Calgary, karibu na uwanja wa ndege. Jina lake rasmi ni Travelling Light, na lilibuniwa na kundi la wasanii wa Berlin, Ujerumani, linaloitwa inges idee. Katika miaka yote niliyobeba watu kutoka uwanjani hapo, hakuna abiria hata mmoja aliyewahi kulitaja mbele yangu kwa jina hilo. Wote husema "lile duara la buluu", na huyatamka maneno hayo kwa sauti ile tunayoitumia sisi tunapomsimulia shemeji aliyekopa asirudishe.

"Linafanya kazi gani?" akauliza ami.

Nilieleza kwamba juu kabisa ya duara zimewekwa taa mbili za barabarani.

"Basi ni nguzo ya taa."

"Kwa namna fulani, ndiyo, ami."

"Kwa kiasi gani?"

Nilitaja dola 470,000 za Kanada, na muuza kahawa, ambaye kazi yake imemfanya awe hodari wa hesabu za kichwani, aliliweka dele chini, akaanza kuzigeuza shilingi, akafika kwenye mamia ya milioni, akaacha. Kwa muda mfupi hakuna aliyesema neno, jambo ambalo ni nadra sana katika baraza lile.

Nilijikuta natoa darsa ambalo sikulikusudia. Manispaa ya Calgary ilipitisha mwaka 2004 sera kwamba asilimia 1 ya fedha za miradi yake mikubwa ya ujenzi itengwe kwa ajili ya sanaa ya umma. Wazo lenyewe si lao peke yao. Philadelphia, huko Marekani, ilianza utaratibu wa namna hiyo mwaka 1959, na miji mingi ikaufuata. Wazo hilo si baya, maana mji unaojenga barabara na mabomba ya maji taka peke yake utakuwa mji wa kupita tu, si wa kukaa. Tatizo ni kwamba kwa miaka ile fedha za sanaa zilifungwa na mradi uliozizalisha, kwa hiyo asilimia iliyotoka kwenye barabara ilipaswa kurudi kwenye barabara ile ile. Ndivyo kazi ya wasanii wa Berlin ilivyokuja kusimama mahali ambapo hakuna mtembea kwa miguu, hakuna benchi wala mti wa kivuli, na kila anayeiona huiona kwa sekunde chache akiwa kwenye mwendo wa kasi, huku akitafuta njia ya kushuka barabara kuu. Hata duara lingekuwa zuri kama mwezi wa kumi na nne, nani angepata nafasi ya kuligundua?

Malalamiko yalikuwa makubwa. Meya wa wakati ule, Naheed Nenshi, ambaye wazazi wake walihamia Kanada wakitokea Tanzania, alisema hadharani kwamba yeye mwenyewe halipendi, na habari hiyo iliwafurahisha wazee wa Michenzani kuliko yote niliyoyasema. "Kumbe damu ya kwetu," alisema mmoja wao, kana kwamba kuchukia duara la buluu ni jambo la kurithi.

Mimi, kwa kweli, sikulichukia mwanzoni. Nilikuwa mpangaji wa chumba, na manung'uniko ya abiria niliyasikiliza kama mtu anayesikia ugomvi wa nyumba ya jirani kupitia dirishani: unafuatilia, lakini usingizi hauukosi. Mambo yalibadilika mwaka niliponunua kinyumba, maana mwishoni mwa Mei ililetwa hati ya kodi ya majengo, ikiwa na jina langu limeandikwa sawasawa, na wiki ile nilipopita tena penye duara nililitazama kwa jicho la mtu aliyechangishwa harusi asiyoalikwa. Tangu hapo ninalalamika na abiria wangu kwa Kiingereza fasaha, na baadhi yao, nadhani, ndipo walipoanza kuniona mwenyeji.

Miaka minne baada ya duara ikaja kazi nyingine, na hii iliumiza zaidi. Mwaka 2017, kwenye makutano ya Bowfort Road na barabara kuu ya Trans-Canada, upande wa magharibi unakoelekea milimani, ilizinduliwa Bowfort Towers, kazi ya msanii wa New York anayeitwa Del Geist, iliyogharimu dola 500,000. Ni minara ya vyuma vyenye rangi ya kutu, na katikati ya vyuma hivyo yameninginizwa mapande ya mawe. Watu wengi waliiona kama magongo ya wajenzi waliosahau kurudi kazini. Lakini watu wa Blackfoot, ambao ni wenyeji wa asili wa ardhi ile, waliona jambo jingine kabisa: waliona mfano wa majukwaa ambayo wazee wao waliwalaza juu yake maiti zao. Msanii alisema hakukusudia hivyo, nami sina sababu ya kutomwamini, ila ni ajabu kwamba kazi ilisafiri kutoka kwenye karatasi hadi kwenye zege pasi na mtu kumwonyesha mapema yule ambaye ingemgusa kaburi. Mwezi wa Septemba mwaka huo, wiki chache kabla ya uchaguzi, baraza la mji lilipiga kura kusimamisha miradi mipya ya sanaa.

Hapa nitawasema kidogo wenzangu wa Calgary. Makutano yale ya barabara yaligharimu kiasi cha dola milioni 71, na sijawahi kumpakia abiria aliyelalamikia hata senti moja ya hizo. Wote walilalamikia ile nusu milioni. Zege haliulizwi maswali, kwa sababu hakuna mtu anayejiona mjuzi wa zege. Sanaa kila mwenye macho ni hakimu wake.

Fundi seremala wa mtaani kwetu, ambaye tulisoma naye chuoni na ambaye sasa anachonga milango ya nakshi kwa ajili ya mahoteli, alikuwa amenyamaza kwa muda mrefu akikorogakoroga kahawa isiyo na sukari. Hatimaye aliuliza swali ambalo abiria wangu pia huliuliza, kwa maneno makali zaidi: "Mji mzima huo, bwana, hauna fundi? La kwanza mmeagiza Ujerumani, la pili mmeagiza Marekani." Akaeleza jinsi kazi inavyokwenda kwake. Mwenye nyumba huja karakanani, huonyeshwa mbao, huchorewa ua na mnyororo juu ya ubao wenyewe kabla patasi haijagusa, na akisema mnyororo usiwekwe kwa sababu unamkumbusha utumwa, hauwekwi. Malipo huja nusu kwanza, nusu mwisho, na ile nusu ya mwisho ndiyo inayomfanya fundi awe na masikio. "Sasa kwenu mwenye mlango ni nani?" akauliza. Nilijibu kwamba ilikuwapo kamati ya watu wachache waliochagua, na sisi wengine tuliuona mlango ulipokwisha kupachikwa.

Ami alikuwa na hoja yake, na hiyo sikuitarajia. "Mimi naona mnalionea," alisema. "Duara halina roho. Hawajachonga mtu, hawajachonga mnyama. Kwa hilo wamesalimika." Basi nikamwonyesha picha ya kazi ambayo watu wa Calgary wanaipenda sana, ile Wonderland ya Jaume Plensa, Mhispania, iliyoko mbele ya jengo refu la The Bow katikati ya mji: kichwa cha msichana cha urefu wa mita 12, kilichofumwa kwa waya mweupe, chenye uwazi ambao mtu huingia ndani akasimama palipopaswa kuwa na akili. Haikulipiwa na manispaa, na huenda hiyo ni sehemu ya sababu ya kupendwa. Ami aliitazama mara moja tu. "Astaghfirullah," alisema, akanirudishia simu. Kwa hiyo kile wanachokichukia wao, kwake kina nafuu, na kile wanachopigia picha na watoto wao, kwake ni balaa.

Nilimkumbusha sanamu za Mkunazini, kazi ya mchongaji wa Sweden, Clara Sörnäs, ya mwaka 1998: watu watano wamesimama ndani ya shimo karibu na kanisa, wana minyororo shingoni, mahali palipokuwa soko la watumwa. Hizo zina sura za watu, nazo zilichongwa na mgeni. Ami alinyamaza, kisha akasema kwamba zile hazitazamwi kama sanamu, zinatazamwa kama msiba. Sikumbishia, kwa sababu mimi mwenyewe kila ninapopita pale hupunguza hatua bila kuambiwa na mtu, na sijawahi kusikia akiulizwa yeyote kazi yake ni nini.

Ilibidi pia tulizungumzie tulilokuwa tumeliegemea migongo. Maghorofa ya Michenzani, yaliyolala kwa kiasi cha mita 300 kila moja kutoka mwisho hadi mwisho, yalianza kujengwa zama za Rais Abeid Amani Karume kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki, na ili yapate nafasi, nyumba nyingi za udongo za Ng'ambo zilivunjwa. Watalii wanaotoka Mji Mkongwe, wakishamaliza kupiga picha milango ya kina fundi, wakifika kwetu huziweka kamera mfukoni. Nimewahi kumpakia abiria huko Calgary aliyekuwa ametembelea Zanzibar. Hakujua kwetu ni wapi, akanisimulia jinsi kisiwa kilivyo kizuri "isipokuwa yale majengo mabaya ya kijivu". Sikumjibu. Nilijifunza kusoma kwenye ngazi za moja ya majengo hayo, kwa mwanga wa dirisha la korido, umeme ukiwa umekatika.

"Na sisi hatukuulizwa," ami alisema, akigonga saruji kwa kiganja. "Nyumba ya baba yangu ilikuwa pale palipo na ile barabara. Hatukuulizwa, lakini tulipewa ufunguo."

Maneno hayo nimekuwa nayo tangu nirudi. Daraja la Peace Bridge, jekundu, la waenda kwa miguu na baiskeli, lililobuniwa na Santiago Calatrava na kufunguliwa mwaka 2012, liligharimu dola milioni 24.5, yaani zaidi ya mara hamsini ya duara, na wakati wa kujengwa lilipigiwa kelele mno. Leo maharusi hupigia picha pale, na wale wale waliolilaani hulivuka kila asubuhi wakienda kazini. Duara haliwezi kupata bahati hiyo. Hakuna anayelivuka, hakuna anayelikalia, hakuna aliyewahi kumwambia mwenzake wakutane penye duara, kwa sababu mtu akisimama pale gari zitampitia.

Kwa upande mwingine, niliwaambia barazani jambo ambalo halikuwafurahisha sana: kwamba naweza kuwatajia bei ya duara kwa sababu iliandikwa, ikatangazwa, ikabishaniwa katika ukumbi wa baraza la mji milango ikiwa wazi. Kuhusu mapambo ya saruji ya viplefti vyetu hapa mjini kila mtu ana lake, na wengine wana bei kabisa za kutaja, lakini hakuna anayeitaja akiwa na karatasi mkononi, kwa hiyo hasira yetu huishia kwenye kikombe cha pili cha kahawa. Muuza kahawa alisema hilo kwake si hasara.

Nilirudi Calgary mwishoni mwa Agosti. Kabla sijaondoka ami alikuwa ameniagiza nimpelekee picha ya duara ya usiku, akitaka kuhakikisha kwamba zile taa zinawaka kweli au ni maneno ya Manispaa tu. Nilichelewa hadi Desemba, usiku wa baridi ya chini ya sifuri kwa nyuzi 22, nikasimamisha teksi nilipopata pa kusimama, nikavua glavu moja, nikapiga picha tatu vidole vikiwa vimekufa ganzi, nikamtumia nzuri kuliko zote. Jibu lilikuja asubuhi yake kwa sauti, na nyuma ya sauti ile nilisikia vikombe na mtu akipiga dhumna mezani. "Nimeiona, mwanangu, zinawaka. Nguzo nzuri. Ila mwambie meya wenu kwamba kwa barabara kubwa kama hiyo, taa mbili hazitoshi."