Namba za bluu chini ya turubai

Jumapili, usiku

Nimekaa hapa sakafuni, mikono inanuka grisi, na nina kaaibu fulani naona heri nikaandike leo leo kabla hakajapoa, maana kakipoa ntaanza kukapamba na mwisho wa siku itaonekana mi sikuhusika kabisa. Ni habari ya betri tu. Betri ya pikipiki.

Wiki kama tatu zilizopita, asubuhi, nishavaa helmeti na glavu na begi mgongoni, nikaweka funguo nikapiga stata. Tik. Nikapiga tena, tik tik tik tik, kama mjusi ukutani. Hiyo sauti hata kama hujawahi kuisikia siku ukiisikia utaielewa tu, ni relei ya stata, ile swichi ya umeme inayoiamsha stata, inajaribu kushika, umeme wa kuivuta yenyewe upo ila wa kuzungusha injini haupo, inashika inaachia inashika inaachia. Na taa za dashibodi zilikuwa zinawaka vizuri, hizo ndo zikanidanganya, nikajisemea betri si iko, mbona taa zinawaka? Kumbe taa zinakula kidogo sana, stata inataka makumi ya ampea kwa mkupuo mmoja. Betri iliyochoka ni kama mgonjwa anayeweza kuongea na wewe vizuri kabisa ila mwambie anyanyue ndoo uone.

Pikipiki yangu haina kiki ya kuwashia kwa mguu. Ni hizi za injeksheni, walivyozitoa kiki sijui walifikiri sisi tutafanyaje. Basi nikasukuma. Gia ya pili, klachi imebanwa, nikakimbia nayo kwenye kamteremko, nikarukia kiti nikaachia klachi, tairi likaburuza kidogo halafu kimya. Mara tatu hivyo, na helmeti kichwani, natoka jasho kama nimemwagiwa maji. Mara ya tatu hata pampu ya mafuta haikutoa ule mlio wake wa nziii unaotoka ukifungua funguo, hapo nikajua nasukuma chuma tu. Zile za zamani za kabureta, zenye koili yake ya kuzalisha moto wa plagi, zinaweza kuwaka kwa kusukuma hata betri ikiwa imekufa fofofo. Hii yangu bila umeme pampu haipeleki mafuta na kakompyuta kake hakajui hata kama kuna mtu anakimbia.

Mzee wa jirani alikuwa ananiangalia muda wote huo. Akasubiri nimalize kujichosha ndo akasema, "Mwanangu, si ungesema tu?" Akasogeza gari, akalizima kabisa kwanza, akasema gari lisiungurume wakati tunaunganisha maana chaji yake ni kubwa kwa kabetri kadogo kama hako. Waya mwekundu chanya kwa chanya, mweusi akaanzia hasi ya gari, ncha ya mwisho akaibana kwenye chuma cha injini yangu, mbali na betri. Nikamuuliza kwa nini hapo. Akasema betri inaweza kuwa inatoa gesi ya haidrojeni na ile cheche ya kuunganisha mwisho hutaki itokee juu ya gesi. Nilipiga stata mara moja tu, ikawaka kana kwamba haikuwa na shida yoyote tangu izaliwe.

Nikaenda moja kwa moja kwa fundi. Fundi akapima, akapiga stata huku anaangalia mita, volti zikaporomoka hadi 8 na kitu. Akasema, "Dada, betri imechoka kweli. Ila kabla hujanunua nyingine niachie nusu siku niangalie ni nini kimeichosha." Nikamwambia fundi sina muda, we weka mpya. Akaniangalia, akafungua hasi kwanza halafu chanya, akaweka mpya, akafunga chanya kwanza halafu hasi, akanyamaza. Mafundi wana kunyamaza kwao. Siku hizi nishakujua.

Sasa nirudi nyuma kidogo, maana hapa ndo penyewe. Miezi kadhaa kabla ya haya yote nilinunua kale kachaja ka simu ka kufunga kwenye usukani, kenye kakioo kadogo kanaonyesha volti za betri kwa namba za bluu. Nikakafunga mwenyewe. Waya mwekundu kwenye chanya ya betri, mweusi kwenye hasi, robo saa nimemaliza, nikawa najipongeza kama nimeunda ndege. Na nilikapenda kwa sababu ya hizo namba. Kila nikifunua turubai asubuhi naona 12.1, siku nyingine 12.0, moyo unatulia, nasema betri ya volti 12 inasoma 12, nini tena?

Niliyoyajua wiki hii tu ni haya. Betri hizi zetu za risasi na asidi zina vyumba sita ndani, kila kimoja kikijaa kina volti 2.1 hivi, ukijumlisha unapata 12.6, na mpya nzuri iliyopumzika baada ya kuchajiwa inafika 12.8. Kwa hiyo "betri ya 12" ni jina tu, kama mtu anaitwa Furaha. Ikisoma 12.4 imeshapoteza kama robo, 12.2 iko nusu, 12.0 imebaki kama robo, chini ya hapo ni kujitafutia kusukuma. Yaani miezi yote hiyo nilikuwa nafunua tangi lenye robo nasema limejaa, kila asubuhi, na namba iko mbele ya macho yangu, tena inang'aa.

Na betri ya aina hii haipendi kabisa kukaa na njaa. Inapotoa umeme, kwenye sahani zake za risasi panajengeka salfeti, ukiichaji mapema inayeyuka inarudi kwenye asidi, ukiiacha siku nyingi inaganda kuwa fuwele ngumu na ile sehemu ya sahani ndo basi tena, haishiki chaji. Betri inaweza kufa bila kupasuka wala kuvuja, kwa kuachwa nusunusu tu. (Teknolojia yenyewe ni ya mwaka 1859, ya Mfaransa Gaston Planté, ina umri mkubwa kuliko pikipiki zote za injini ya petroli duniani, na bado tunaibebea chini ya makalio kila siku. Nimeipenda hiyo.)

Basi. Betri mpya ikafanya kazi wiki tatu. Katikati hapo nikaanza kufanyia kazi nyumbani, pikipiki inakaa chini ya turubai siku tano, sita, nikitoka ni safari ya dakika kumi kwenda na kumi kurudi. Alhamisi iliyopita nikapiga stata. Tik.

Nisiwafiche, nilikasirika vibaya sana. Nikaanza kupanga maneno ya kwenda kumwambia fundi, kwamba ameniuzia betri iliyokaa kwenye rafu miaka, hii si betri ni boksi, mi nilimwamini. Nilikuwa na hotuba kamili, yenye utangulizi na hitimisho. Niliirudia nikiwa naosha vyombo.

Usiku huo nikatoka nje kuchukua glavu nilizozisahau juu ya kiti, sina tochi, giza totoro, nikaona turubai lina kamwanga ka bluu. Kadogo sana, kama simu ya mtu amelala nayo chini ya shuka. Nikafunua. 11.7. Namba zimekaa pale zinaniangalia, funguo iko ndani mezani, hakuna swichi hata moja iliyowashwa. Nikasimama pale na turubai mkononi nikajiuliza, sasa we unawaka kwa umeme wa nani?

Hotuba yangu yote ikaishia hapo.

Kesho yake nikaazima chaja ndogo kwa mzee wa jirani, nikachaji taratibu usiku kucha. Betri yangu ni ya ampea-saa 6, hicho ndo kipimo cha umeme inaobeba, kanuni ni kuichaji kwa kama sehemu moja ya kumi, ampea 0.6, ukiipa chaja kubwa ya gari unaichemsha. Jumamosi nikakaa chini na mita. Unatoa nyaya zote zilizofungwa kwenye hasi ya betri, unaweka mita katikati, kati ya kichwa cha betri na nyaya hizo, funguo ikiwa imezimwa, unasoma kinachopita. Na usiguse stata, maana umeme wote wa stata utataka kupita kwenye mita. Mi niligusa. Kwa mazoea tu, nikafungua funguo na kidole kikaenda chenyewe. Fyuzi ya mita ikalia pa, nusu siku nyingine imepotea kutafuta fyuzi.

Jioni nikarudia. Milliampea 38 (elfu moja ndo ampea moja), pikipiki imezimwa. Nikachomoa fyuzi za pikipiki moja moja, nikidhani labda ni alamu, labda ni kitu cha kiwandani, kusema kweli nilikuwa bado natafuta mwingine wa kumlaumu, nikiomba iwe alamu. Namba haikushuka kwa maana. Kachaja kangu hakapiti kwenye fyuzi yoyote, si nilikafunga mwenyewe moja kwa moja kwenye betri? Hata fyuzi yake sikuweka, siku waya ule ungechubuka ukagusa fremu sasa hivi ningekuwa naandika habari ya moto. Nikachomoa mwekundu wake. 2.

Hesabu ni ya darasa la tano. Milliampea 36 kwa saa 24 ni karibu ampea-saa 0.9 kwa siku. Betri ya 6. Wiki moja umeimaliza hata usipoigusa, na siku ya tatu au ya nne tayari stata inaanza kulegea. Nilipokuwa natembea kila siku masafa ya kueleweka, pikipiki ilikuwa inarudisha kilichoibwa usiku, si chote lakini cha kuendea kazini, ndo maana miezi mingi sikujua. Nilipoanza kuilaza ndo wizi ukaonekana. Na mwizi ni kale kadude nilikokaweka kanilindie betri. Kalikuwa kananiambia ukweli kila asubuhi, 12.1, 12.0, huku kanaila. Mpaka sasa nikikafikiria nacheka peke yangu, ila si kicheko kizuri sana.

Nikapima na chaji kabisa ili nisirudi tena kwenye kulaumu hewa. Injini inawaka, mzunguko wa kati, mita kwenye betri, 14.2. Hiyo ni nzuri, ingebaki 12 na kitu ningejua koili ya kuzalisha umeme au regyuleta, kadude kanakozuia volti zisizidi, haifanyi kazi, ingepita 15 ningejua regyuleta imekufa na inaichemsha betri. Kwa hiyo pikipiki haina kosa, betri haina kosa, fundi hana kosa. Orodha inazidi kuwa fupi.

Leo nimehamisha waya. Kachaja sasa kanapata umeme kwenye waya unaopata umeme funguo ikifunguliwa tu, na nimekawekea fyuzi ya ampea 3 karibu kabisa na pale unapoanzia. Nimefunika turubai, nimeingia ndani, nimetoka tena kufunua kuangalia. Giza. Nimeingia, baada ya nusu saa nimetoka tena. Giza.

Betri mpya naona niliiwahi, tangu jana imeshika 12.7. Ile ya zamani, ambayo niliiomba kwa fundi siku ile nikaitupa kwenye kona, nimeichaji pia, jana mchana kutwa, roho inaniuma kidogo. Ilipanda hadi 12.6 nikafurahi kama mjinga. Asubuhi imelala 12.0 bila kuunganishwa na kitu. Nikaifunga kwenye pikipiki nijaribu, stata ikazunguka robo mzunguko, volti zikaanguka hadi 7. Haikuwa hata na miaka miwili.

Kesho naipeleka kwa fundi, yeye anazikusanya kwa watu wanaoyeyusha risasi, na si kitu cha kutupa jalalani, asidi ile na risasi ile. Nimeifunga kwenye mfuko mgumu, imesimama wima, iko karibu na mlango. Najua atakachouliza, ataigeuzageuza mkononi kwanza halafu ataniuliza, "Haya dada, ulijua ni nini kiliichosha?" Nimeandika meseji ya kumwambia kabla sijafika, nikaifuta, nikaandika nyingine ndefu zaidi, nayo nimeifuta. Ngoja nikafunue turubai mara ya mwisho nilale.