Mjomba wa Mwanza na mlisho wa RSS

Tovuti yangu ya kahawa naiandikia hapa Moshi, jioni nikishafunga duka. Zamani nilibandika kiungo kwenye magrupu ya WhatsApp. Kufikia asubuhi kimeshafunikwa na salamu. Kumbe WordPress, mfumo ninaoendeshea tovuti, hutengeneza yenyewe mlisho wa RSS, yaani orodha ya makala mpya inayosomwa na programu! Ongeza tu /feed/ mwisho wa anwani. Nimeuwekea muhtasari badala ya makala nzima, ili msomaji abonyeze aje kwenye tovuti. Akishajiunga, programu yake ya kusomea milisho ndiyo inayokuja kuchungulia kama kuna jipya. Hanipi namba wala barua pepe. Teknolojia ya mwaka 1999 hii, naipenda mno.

Juzi niliandika kuhusu kupogoa mibuni kihambani kwetu Kibosho. Usiku huohuo mjomba akapiga simu kutoka Mwanza: “Mjomba, lile tawi la chini ungeliacha.”