Mbolea Inayopanda Mlimani kwa Upepo

Hewa tunayoivuta ni naitrojeni kwa asilimia 78, nayo haimdhuru mtu wala mmea, kwa kuwa viumbe wengi hawawezi kuitumia ikiwa katika hali hiyo. Inayoleta madhara ni ile iliyokwisha kugeuzwa: amonia inayofuka kutoka kwenye samadi na mbolea za viwandani, na oksidi zinazotolewa na magari na mitambo ya umeme, ambazo huchukuliwa na upepo na kushuka pamoja na mvua au theluji mahali ambapo hakuna aliyewahi kulima.

Bonde la Loch Vale, katika Hifadhi ya Taifa ya Rocky Mountain, jimbo la Colorado nchini Marekani, limechunguzwa tangu miaka ya 1980. Huko huanguka takriban kilo 3 za naitrojeni kwa hekta kila mwaka, kiasi ambacho mkulima wa mahindi angekidharau. Lakini juu ya mpaka wa miti udongo ni haba, majira ya kuota ni mafupi, na mimea imezoea kuishi kwa kidogo. Ikiongezewa chakula, nyasi na jamii ya ndago hustawi na kuyasonga maua madogo ya mlimani. Kinachobaki huingia vijitoni, hasa theluji inapoanza kuyeyuka na kuachilia kwa pamoja kilichorundikana majira yote ya baridi. Ushahidi unaonigusa zaidi umo katika matope ya maziwa ya huko, yaliyotunza hesabu kama daftari: tangu miaka ya 1950 hivi, daiatomu aina ya Asterionella formosa, mwani mdogo unaopenda maji yenye naitrojeni, umeongezeka sana.

Kwetu Malindi, naitrojeni ina njia nyingine ya kutufikia, nayo ni mto Sabaki, unaokusanya maji ya Athi yaliyopita karibu na Nairobi na ya Tsavo yanayotoka upande wa Kilimanjaro. Wakati wa kaskazi, maji hayo husukumwa kusini kuelekea hifadhi yetu ya bahari, iliyoanzishwa mwaka 1968. Tunazungumza sana juu ya tope lake kwa sababu tunaliona, ilhali naitrojeni haina rangi, na ikizidi hulisha mwani unaoshindana na matumbawe. Naamini inastahili kupimwa na kutangazwa kwa bidii ileile.

Colorado walikubaliana mwaka 2007 kupunguza kiasi kinachoshuka na mvua na theluji hadi kilo 1.5 kwa hekta ifikapo 2032. Kwa kuwa sehemu kubwa ya amonia hutoka mashambani na kwenye mazizi ya tambarare za mashariki, wafugaji na wakulima hupewa tahadhari pepo za kupanda mlima zinapotarajiwa, ili wanaoweza waahirishe kutandaza samadi. Natamani wakulima wa bonde la Athi nao wapewe tangazo la namna hiyo kabla ya mvua kubwa, ili mbolea waliyoinunua kwa jasho lao ibaki shambani.